Nawamaliza wote, nikigeuka wamerudi: gemu ni mbovu au ni mimi?

*"Shikamoo mwalimu. Nipo Makorora, Tanga, nimemaliza kidato cha sita nasubiri chuo. Kaka yangu aliniachia laptopu yake ya zamani, ndani yake kuna gemu ya Far Cry 2. Mwanzoni niliipenda sana, moto wake na nyasi zake sijaona kwingine. Lakini kila kizuizi nikikisafisha, nikienda mbele kidogo nikirudi, walinzi wapo palepale kama hakikutokea kitu. Bunduki inakwama katikati ya vita. Nafanya kazi ya kundi moja, na kundi hilohilo linanipiga risasi. Juu ya hayo jamaa ana malaria isiyopona. Rafiki yangu anasema kopi ni mbovu, nifute. Halafu nikicheza saa moja kichwa kinauma na nasikia kichefuchefu, na laptopu inachemka mpaka inajizima. Tatizo ni gemu, laptopu au mimi? Niendelee au nitafute ile ya tatu?"*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mna maradhi ya aina tatu humo: ya gemu, ya mashine na ya mwili wako mwenyewe. Rafiki yako kayachanganya yote akaandika dawa moja, futa. Usifute kwanza.

Walinzi wanaorudi, bunduki inayokwama, kundi linalokupiga huku unalitumikia, na malaria: yote manne waliyaweka humo kwa makusudi wale walioitengeneza. Ukinunua kopi mpya leo utayakuta vilevile. Far Cry 2 ilitoka Oktoba 2008 kutoka studio ya Ubisoft Montreal, Kanada, na aliyesimamia ubunifu wake ni Clint Hocking. Ile ya kwanza, ya 2004, ilitengenezwa na watu wengine kabisa, Crytek wa Ujerumani, na hadithi yake haina undugu na hii. Lililorithiwa ni jina. Hii ya pili wameiweka katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, makundi mawili yanapigana, UFLL na APR, na wewe ni mamluki uliyetumwa kumwua muuza silaha anayeitwa Jackal. Ardhi yake ni kama kilomita za mraba 50. Chora mraba wenye upande wa kilomita saba, pungufu kidogo ya safari ya kutoka mjini hadi Mapango ya Amboni, ndiyo nchi nzima hiyo. Injini yake, yaani programu inayoiendesha, wameiita Dunia. Ndiyo, neno letu hilihili, tulilolipokea kwa Waarabu. Majina ya mahali lakini si ya kwetu: upande wa kaskazini unaitwa Leboa-Sako, na "leboa" kwa Kisotho ni kaskazini.

Nianze na ulichokipenda, maana makero ya gemu hii yametoka tumbo moja na uzuri wake.

Katika gemu nyingi za bunduki moto ni pambo. Unawaka pale ulipochorewa, unazimika, basi. Humu moto unapigiwa hesabu. Upepo una upande na nguvu zake, nyasi zina ukavu wake, na kila kipande kinachowaka ni kama kinamuuliza jirani: wewe unashika? Msituni kwenye majani mabichi moto unasuasua. Nyikani kwenye nyasi za njano unakwenda kama karatasi. Kwa hiyo moto unaouwasha wewe hauwi sawa na wangu hata tukitupa chupa mahali pamoja.

Siku moja nilikuwa juu ya kilima, chini yangu kizuizi: walinzi wanne, gari lenye bunduki mgongoni, kibanda cha mabati. Nikatupa chupa ya petroli kwenye nyasi pembeni yao, nikitegemea upepo uwapelekee. Ukawapelekea. Moto ukafika kwenye mtungi wa gesi nyuma ya kibanda, mtungi ukaruka ukizunguka kama fashifashi la harusini, mmoja akakimbia na nguo zinawaka. Nikakaa kujipongeza. Kumbe upepo nilikuwa nimeusoma nusu. Ubavu mmoja wa moto umekuja kwangu kimyakimya, nikashtukia majani ya mbele yangu yamegeuka mekundu. Niliporomoka kilima kile hadi mtoni, nikaingia majini, nikatoka ng'ambo ya pili sina gari wala afya, na kizuizi kizima kinaungua bila mimi kupiga risasi hata moja. Hakuna mtu aliyeandika tukio hilo. Lilizaliwa pale kwa sababu upepo, nyasi na gesi kila kimoja kilifuata kanuni yake.

Wewe ni mtu wa Tanga, kazi hiyo unaijua. Kiangazi kikikaza, anayesafisha shamba kule Handeni huchota vumbi akalirusha hewani aone linaelekea wapi kabla hajawasha kiberiti. Humu tazama nyasi zinalalia upande gani. Usifanye nilivyofanya mimi.

Na si moto peke yake. Ramani unaishika mkononi. Ukiitazama huku unaendesha, gari linaendelea kwenda na mti haukusubiri. Ukijeruhiwa vibaya, mikono yako inachukua koleo ikachomoa risasi mbele ya macho yako. Ukianguka, rafiki yako mamluki anaweza kutokea akakuburuta hadi kwenye usalama. Naye akianguka, ni wewe na sindano ya mofini. Akifa amekufa, harudi. Walioitengeneza walikataa kukupa kioo cha kutazamia ile nchi kwa mbali. Wamekutia ndani yake, na jasho lake.

Bunduki inayokwama imetoka kwenye uamuzi huohuo. Kila silaha ina hali yake, na hali hiyo inashuka kila unapofyatua. Ukiitazama utaona kutu inavyopanda kwenye chuma. Ikifika mbali inakwama, ikiendelea zaidi inaweza kukuharibikia mkononi kabisa. Kosa wanalofanya wengi, na nadhani nawe umo, ni kupigana kwa silaha za kuokota. Bunduki ya maiti imeshachoka kabla hujaigusa, ni kama baiskeli ya kuazima: mwenyewe anajua mnyororo unaruka wapi, wewe utajulia kwenye kilima. Kanunue kwa muuza silaha kwa almasi zako. Ukishanunua aina fulani mara moja, ghala lake la silaha litakupa mpya kila ukipita, bila malipo tena. Na huyo muuza silaha ana kazi zake za kuvunja misafara ya washindani. Zifanye mapema, kila moja inafungua silaha za kununua. Jizoeze kubadilisha bunduki kabla hujaanza misheni, si baada ya kukwama. Kwangu mimi hili ni jambo jema la gemu hii linaloonekana kama kasoro kwa sababu hakuna aliyekueleza.

Kundi linalokupiga nalo lina sababu iliyosemwa ndani ya hadithi, ila inasemwa haraka na wahusika wote humu huongea kama wanakimbizwa: kazi zako ni za siri, wakubwa wanakujua, askari wa barabarani hajaambiwa. Kichwa kinakubali. Moyo unakataa, na moyo hauna makosa. Mtu akikupa kazi asubuhi, mchana vijana wake wakakufukuza na gari kilomita nzima, kuchagua upande kunakuwa hakuna maana yoyote. UFLL au APR, risasi ni zilezile. Wanaoitetea gemu husema ndiyo fundisho la vita vyenyewe. Inawezekana. Fundisho hilo nililielewa siku ya kwanza, sikuhitaji kulirudia mara mia mbili.

Sasa vizuizi, vilivyokufanya uandike.

Vijiweni utaambiwa walinzi hurudi kwa sababu mashine za zamani hazikuwa na kumbukumbu ya kutosha. Ni nusu ya ukweli. Gemu hii ililazimika kuingia kwenye Xbox 360 yenye kumbukumbu ya megabaiti 512, na PlayStation 3 yenye 256 za kazi na 256 za picha. Simu uliyonayo mfukoni inazizidi mara kadhaa. Nchi nzima ya nyasi, wanyama na moto haikai humo kwa mpigo, kwa hiyo injini inalodi kipande kilicho karibu nawe na kukitupa ulichokiacha nyuma. Ukishafika mbali, kile kizuizi hakipo. Walinzi hawakujificha popote. Kimebaki kiporo cha maelekezo tu kwamba ukirudi pachorwe kibanda hapa, gari pale, watu wanne. Ukirudi, injini inasoma maelekezo inachora upya, na watu wanne ni wanne.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kwamba kukumbuka kizuizi fulani kimesafishwa kunahitaji tarakimu moja tu, sifuri au moja. Vizuizi mia vinataka tarakimu mia, na kwa kuwa kompyuta huandika herufi moja kwa tarakimu nane za aina hiyo, ni sawa na herufi kumi na tatu. Hazitoshi kuandika jina lako na la baba yako. Na gemu yenyewe inajua kukumbuka inapotaka: nyumba ya maficho ukishaikomboa inabaki yako hadi mwisho. Kwa hiyo hapo hapakuwa na upungufu wa mashine, palikuwa na uamuzi. Naona waliogopa nchi tupu. Vizuizi vingi viko njia panda, na misheni zinakupeleka toka upande mmoja wa ramani hadi mwingine na kukurudisha. Wangekuacha uvifute vyote, saa kumi za mwisho ungekuwa dereva wa mizigo.

Woga wao naufahamu. Dawa waliyoichagua siikubali, na sababu yangu iko kwenye dakika kumi za mwanzo za gemu yenyewe. Unakumbuka ile safari ya teksi? Huwezi kuiruka, wengi wanailalamikia, mimi naiona ndiyo sehemu bora. Umekaa kwenye kiti, dereva anaongea, mnapishana na watu wanaoikimbia nchi. Mnafika kizuizini. Dereva anapunguza mwendo, maneno mawili matatu, fedha inapita dirishani, mnaendelea. Hapo gemu imeonyesha kwamba inajua kizuizi ni nini. Kizuizi ni watu waliochoka jua, wanaotaka kitu, wanaoweza kusalimiwa. Wewe na mimi tumepita kwenye mageti ya ushuru wa mazao tangu tuko watoto, juu ya magunia ya machungwa ya Muheza. Tunajua kuna siku ya kuonyesha karatasi, kuna siku ya utani, kuna siku ya kukaa kivulini ukisubiri mwenye ufunguo amalize kula.

Halafu teksi ikishakufikisha mjini Pala, mlango huo unafungwa moja kwa moja. Kuanzia hapo huwezi kusalimia, huwezi kutoa kitu, huwezi kuonyesha barua ya mkubwa wao ingawa umetoka kwake sasa hivi. Unaloweza ni kupiga au kukimbia. Injini iliyopiga hesabu ya jani moja linavyoshika moto haikumpigia hesabu mtu anavyoshinda siku nzima barabarani. Hata raia huwaoni ila waliojificha. Hakuna anayeuza madafu, hakuna anayerudi toka shamba, kila mwenye miguu ana bunduki. Kama walinzi wangerudi lakini ukaweza kupita kwao kwa njia tatu, usingeniandikia. Ungesema nchi ina pilikapilika. Kinachokera hasa ni kulazimishwa mazungumzo yaleyale ya risasi na watu walewale.

Kwa hiyo kwa swali lako, hapo tatizo ni gemu. Si wewe.

Namna ya kuishi nalo ipo. Acha barabara. Mito humu ni barabara ya pili, na boti hukutani nazo mara kwa mara kama magari. Safari nyingi za Leboa-Sako unaweza kuzifanya nusu nzima majini. Tumia vituo vya mabasi, vipo katikati na pembeni mwa ramani, vinakuvusha bila kupita kizuizi hata kimoja. Watu hawavitumii kwa sababu wanadhani ni udanganyifu. Ukilazimika kupita barabarani na gari likakufukuza, usishindane nalo mbio, yale magari yanakwenda kuliko lako. Simama nyuma ya mti, shuka, mngoje dereva wao. Na usikisafishe kizuizi ambacho huna haja nacho. Ukishajua kwamba hakuna unachokikomboa, kishawishi kinakufa chenyewe.

Ile ya tatu, ya 2012, ilisikia kilio hiki. Kambi ukiiteka inakuwa yako, watu wako wanaingia, adui anaondoka eneo lile. Raha yake ni kubwa, nakubali. Ila ukishateka zote visiwa vinakuwa kimya kiasi kwamba baadaye waliongeza uwezo wa kuzirudisha kambi mikononi mwa adui, kwa ombi la wachezaji wenyewe! Yaani woga wa watu wa 2008 haukuwa wa bure. Na huko moto upo, lakini bunduki haziozi, marafiki hawafi mikononi mwako, na skrini imejaa alama za kukuonyesha kila kitu kilipo. Ni gemu tamu zaidi na nyepesi zaidi. Kwako kuna kikwazo cha mashine pia: hii ya pili iliridhika na kumbukumbu ya gigabaiti moja kwa kiwango cha chini, ile inaanza na nne. Kabla hujatumia bando kuishusha, angalia laptopu ya kaka ina ngapi.

Ningekuwa wewe, ningeendelea na hii hadi nivuke kusini, Bowa-Seko, kwa mtindo wa mito na mabasi. Ukifika huko bado inakukera, acha bila kujilaumu, umeshaona ilichonacho. Na kama kopi uliyonayo imetoka kwenye flashi ya mtu, ile ya GOG, duka la gemu la mtandaoni, haina kufuli la intaneti, ukishaishusha ni yako hata mtandao ukikatika wiki nzima.

Malaria nimeiacha makusudi, kwa sababu inanigusa kwa namna mbili. Kama ufundi wa gemu, ni wazo zuri lililotekelezwa nusunusu. Kila baada ya muda skrini inageuka, macho yanafifia, unabonyeza unameza kidonge, yamekwisha. Vidonge vikiisha unalazimika kuwapelekea raia waliojificha karatasi za kusafiria ndipo upewe vingine. Hiyo inakukutanisha na wale watu pekee wasiotaka kukuua, na ningependa wangekuwa wengi zaidi. Ila kero yake haina uamuzi ndani yake. Hakuna anayechagua kutomeza.

Kama elimu ya ugonjwa, usiichukue. Sisi wa mkoa huu tumekaa na malaria na wanaoichunguza pia, kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kiko hapo Muheza. Yule mamluki anateremka kwenye teksi, siku hiyohiyo yuko kitandani anatetemeka. Mbu wa nchi hiyo hakumfanyia hivyo: tangu kuumwa hadi homa huchukua wiki moja au zaidi, maana vimelea huanza na ini kabla ya kuingia kwenye damu. Alikuja nayo, au mwandishi alikuwa na haraka. Na kidonge kimoja kila ukitetemeka ndiyo namna ya kuifuga. Dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne kwa wakati, mara sita ndani ya siku tatu, na unavimaliza hata kama siku ya pili umeamka mzima. Na kabla ya yote unapimwa. Yeye hakupimwa hata mara moja, gemu nzima.

Hapo ndipo naingia kwenye kichwa chako. Kwa maelezo yako, naona sababu ya kwanza ni macho kugombana na masikio. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachopima mwendo wa kichwa. Macho yanaiambia akili tunakimbia porini, tunageuka, gari linaruka matuta. Sikio linasema tumekaa kwenye mkeka. Akili ikikosa wa kumwamini, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Ni kichefuchefu kilekile cha basi la Lushoto kwenye kona, kimegeuzwa tu: kwenye basi mwili unasikia mwendo na macho yako kwenye simu hayauoni. Gemu za kutazama kwa macho ya mhusika ndizo zinazoongoza kwa hili, na laptopu inayokatakata picha inazidisha. Sogea nyuma, mkono mzima na zaidi toka kwenye skrini. Washa taa ya chumba. Geuza kipanya polepole. Dakika 30, simama, toka nje utazame mbali, kisha rudi. Kichefuchefu kikianza usikivumilie. Mwili haujifunzi kwa kulazimishwa, unajifunza kuichukia laptopu.

Ila sikuoni uso wako. Kichwa kikiuma na siku ambazo hujacheza, au ukiona maandishi ya mbali yanafifia, kapime macho. Kikija na homa, baridi au viungo kuuma, nenda kituo cha afya ukapimwe damu siku hiyohiyo, usiseme ni gemu. Na kikija ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuusikia, au ukaanguka, au mwanga unaochezacheza ukakufanya upotewe na fahamu hata kwa sekunde, hapo ni hospitali ya Bombo, na mtu akusindikize.

Laptopu kujizima ni jambo dogo likiwahiwa. Haijafa, inajilinda: joto likifika kiwango fulani inakata umeme yenyewe kabla chuma hakijaungua. Tanga tuna vumbi, tuna unyevu na tuna chumvi ya bahari, na vitatu hivyo vikikutana kwenye feni vinafanya kitu kama blanketi. Nimefungua laptopu hapa Ngamiani nikatoa tandabui la pamba nene kama kidole. Usiichezee kitandani wala kwenye mto, iinue kwa vitabu viwili pande zote ipumue chini, na upunguze ubora wa picha, hasa vivuli. Usiipulize kwa mdomo, unaiongezea unyevu. Ikijizima tena baada ya hapo, acha kucheza umpelekee fundi aifungue, aisafishe feni, abadilishe na ile gundi ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, ambayo kwa umri wa mashine hiyo imeshakauka ikawa kama chokaa. Mwambie aifanye mbele yako. Na uende na chaja yake, maana nusu ya wanaoniletea huja na mashine bila chaja, wakarudi Makorora kwa miguu kuifuata.